Shikilia Ndipo Uzime

Mama yangu huniita fundi. Sijawahi kuwa fundi wa kitu chochote cha umeme. Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia katika maabara ndogo nyuma ya kliniki, na siku nzima nashinda nikisugua magego ya watu ambao sitawaona kamwe. Lakini mama akinikuta nimeinamia TV yake ya chogo, miwani imeshuka mpaka puani, anaamini nimeitwa kuja kuitengeneza. "Fundi, umekula?" huniuliza kwa adabu zote. "Na hii TV itapona lini?" Namjibu kesho, mama, naye anacheka, maana mafundi anawajua.

Ugonjwa wa kusahau ulianza na funguo, ukaja kwenye njia ya kurudi nyumbani, mwishowe ukafika kwenye sura yangu. Hapo ndipo uliponiuma. Ila kila alasiri kulikuwa na muda mfupi aliponijua vizuri kabisa, na muda huo ulitoka ndani ya kaseti ya gemu, ya kijivu, iliyopasuka pembe moja.

Tulipokuwa wadogo tulikuwa na mashine ya gemu, zile za kuchomeka kaseti kwa juu, na mchezo mmoja wa safari ambamo mashujaa wanne wanatafuta taa iliyoibwa. Mwanzoni unawapa majina, herufi tano tu kwa kila mmoja. Mama ndiye aliyeandika, na hakuruhusu mwingine aguse: MAMA, DADA, KOBE, NYUKI. Dada yetu siku hizi anaishi mbali, na mama hupokea simu zake kama za mtu aliyekosea namba. Nyuki ni mdogo wangu, ambaye hajawahi kutulia mahali. Kobe ni mimi, kwa sababu nilichelewa kutembea, nikachelewa kusema, na sahani yangu ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuoshwa. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: aliyekaa kwenye mkeka mbele ya TV lazima awe na jina ndani. Watazamaji hatukuwa nao.

Hata baada ya ugonjwa, majina yale yakitokea kwenye kioo, mama alikuwa akiyasoma kwa sauti akiyafuata kwa kidole. Akifika la tatu anageuka kunitazama. "Kobe," anasema. "Mbona umechelewa kurudi?" Kisha tunacheza kidogo, na baada ya hapo narudi kuwa fundi. Kwa maneno hayo machache ndipo nilipopata nguvu ya kumwogesha, kumlisha na kumtafuta barabarani siku aliyotoka bila viatu.

Nyuki hanielewi. Ana duka la mashine mpya za gemu, lenye taa za zambarau kila pembe, na kila akija hapa anaitazama mashine yetu kama mtu aliyekuta punda sebuleni. Nami nina maneno yangu kuhusu bidhaa zake. Mashine ya zamani unabonyeza swichi, mchezo huo hapo. Hizi za kisasa zinaanza kwa salamu, zinadai neno la siri, zinadai intaneti, zinapakua masasisho mpaka hamu inakwisha, halafu zinakuuliza kama umekubali masharti ambayo hata aliyeyaandika hajayasoma. Mchezo wenyewe hujaununua, umepangishwa. Siku kampuni ikifunga duka lake la mtandaoni unabaki umekodoa macho. Pedi ya kuchezea ya zamani ina waya, sawa, lakini haijawahi kuniambia kwamba inataka kuchajiwa. Na kwenye TV ya chogo ukibonyeza tu, shujaa ameshapaa. TV bapa inafikiri kwanza.

"Kaka, wewe unapenda vya zamani kwa sababu havikujibu," Nyuki aliniambia siku moja.

"Na wewe unapenda vipya kwa sababu vinafikiri kwa niaba yako," nikamjibu, tukacheka.

Kuna jambo moja sikumwambia. Mashine za zamani zina udhaifu, na udhaifu huo ulikuwa unaninyima raha. Majina yale hayakuchongwa popote. Yanashikiliwa ndani ya kaseti na betri ndogo ya duara, kama ya saa ya mkononi. Betri ikifa, kumbukumbu yote inafutika, haiachi hata alama. Hata ukizima vibaya inaweza kuharibika, ndiyo maana zamani mama alitufundisha kushikilia kitufe cha kuanza upya kwanza, ndipo tuzime swichi. Kila jioni alikuja kukagua. Tungeweza kulala bila kupiga mswaki akatusamehe, lakini si hilo.

Siku moja tukawasha kama kawaida. Mama akasoma: "Mama. Dada." Akasita. Kwenye jina la tatu, badala ya herufi ya mwisho palikuwa na kijisanduku cheusi. "Kob... Kobu... huyu nani?" Akanigeukia, na machoni mwake hapakuwa na mtu aliyenijua. "Fundi, hii TV imezidiwa."

Nikazima kwa utaratibu, nikachomoa kaseti, nikasafisha meno yake, vile vipande vya shaba vya kuchomekea, kwa spiriti. Kupuliza siku hizi sipulizi, ingawa utoto wetu wote tulipuliza tukidhani ni dawa, kumbe tulikuwa tunayatemea mate yashike kutu. Nilipowasha tena, herufi ilikuwa imerudi. Mama akaniita Kobe, akanigombeza kwa kuchelewa, nami nikaitikia. Baadaye nikaifungua kaseti na kuipima betri. Ilikuwa imebaki na pumzi ya mwisho.

Nikampigia Nyuki. Kwa mara ya kwanza hakunitania. "Usiiguse," alisema. "Kuna kifaa kinasoma kaseti na kunakili kila kitu kwenye kompyuta. Nitakiagiza, kitafika wiki ijayo. Tukishanakili, badilisha betri unavyotaka."

"Wiki ijayo itakuwa imeshakufa."

"Haijafa mpaka leo, kaka."

"Na hicho kifaa chako kikikorofisha? Kitu cha plastiki kilichotoka juzi, kimguse mama?"

"Si mama. Ni kaseti."

Nilimkatia simu. Alikuwa aje kesho yake kukaa na mama wakati nafanya kazi. Hakuja, na mimi sikumwita tena. Nilikuwa na hasira, lakini chini ya hasira ilikuwa hofu tupu.

Njia yangu niliijua. Mashine ikiwa imewashwa, kumbukumbu inalishwa na umeme wa mashine yenyewe. Kwa hiyo unachomeka kaseti ikiwa wazi, bila ganda lake, unawasha, unaondoa betri kuukuu kwa chuma cha kulehemu, unaweka mpya, na majina hayasikii kitu. Kinachotakiwa ni mkono usiotikisika. Mkono ndio riziki yangu. Nimewahi kuchonga jino dogo huku jengo la jirani likivunjwa. Siku hiyo aliyokosa kuja Nyuki, nilinawa, nikakausha vidole, nikavitazama. Vilikuwa vinacheza.

Mama alikuwa amelala chumba cha pili baada ya chakula. Mlango niliuacha wazi makusudi, kwa sababu tangu siku ile ya barabarani siwezi kukaa bila kumsikia akipumua. Nikawasha. Majina manne yakatokea, herufi zote mahali pake. Nikapasha chuma moto, nikakileta karibu. Chuma kikigusa pasipotakiwa, kwisha habari. Jasho lilinitoka mpaka miwani ikapata ukungu. Mguu wa kwanza wa betri ukalegea. Wa pili ukagoma, risasi ya kulehemea iliyoushika ilikuwa kuukuu, na nilibaki nimeukandamiza huku nikisema taratibu, taratibu, kwa sauti kabisa. Ukaachia. Betri kuukuu ikaanguka mezani. Nikainua macho: MAMA, DADA, KOBE, NYUKI. Nilitamani kupiga kelele za furaha. Chuma kikiwa mkono mmoja na kibanio chenye betri mpya mkono wa pili, nikainama kumalizia.

Sikumsikia akija. Nilichosikia ni kanga yake ikiburuza sakafuni, karibu sana.

"Jamani, nani ameiacha hii inawaka na hakuna anayecheza?"

"Mama, subiri!"

Mkono wake ulipita chini ya chuma cha moto. Kama ningesogea ningemchoma, na kama ningekiachia kingemwangukia. Nikaganda pale pale. Aliweka kidole kimoja kwenye kitufe cha kuanza upya, akashikilia, akahesabu kidogo midomoni, na kwa kidole kingine akazima swichi. Kioo kikawa cheusi.

"Usijali," akaniambia. "Nimeshikilia."

Nilikaa chini. Hakukosea hata hatua moja. Alifanya kile alichotufundisha, kwa uangalifu ule ule, na kwa uangalifu huo akatufuta sote. Nilitaka kumfokea. Nilitaka kulia kwa sauti. Nikaishia kulehemu ile betri mpya, bila kutetemeka sasa, kwa kuwa hapakuwa tena na kitu cha kupoteza ndani. Nikaifunga kaseti katika ganda lake.

Mpango wangu ulikuwa kuyaandika majina haraka kabla hajatazama. Lakini mama alikuwa ameshakaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, pedi mkononi. Nikawasha. Mistari minne mitupu, na mshale unawakawaka.

"Nipe nafasi," akasema. "Anayeandika ni mimi."

Vidole vyake vilikumbuka. MAMA. DADA. Hakutafuta herufi hata moja. Mstari wa tatu: akaenda moja kwa moja kwenye N, akaandika NYUKI. Ukabaki mmoja. Akaushusha mkono.

"Kuna mwingine," akasema polepole.

"Yupo, mama."

"Wa polepole. Alikuwa anachelewa kula."

"Ndiyo, mama. Huyo huyo." Ningeweza kumtajia. Jina lilikuwa pale mdomoni, lakini niliogopa kulisema halafu anitazame kama nilivyotazamwa jana yake. Nikalimeza.

Akanigeukia, akanikagua, miwani, mikono yenye harufu ya moshi, shati la kazini. Uso wake ukalainika, nikajua inakuja. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kuitika.

"Umekaa kwenye mkeka," akasema. "Aliyekaa kwenye mkeka lazima aingie." Akarudi kwenye kioo na kuandika, herufi baada ya herufi, F, U, N, D, I. Akatabasamu. "Usiogope, fundi. Humu tunatunzana."

Tukacheza. Sikumbuki tulifika wapi kwenye safari. Najua tu kwamba fundi alikuwa wa mwisho katika mstari, na kila alipojeruhiwa mama alisimama kumtibu. Alipochoka aliweka pedi chini na kupiga miayo, nami nikanyoosha mkono kwenye swichi.

Akanipiga kofi dogo mkononi.

"Shikilia kwanza, ndipo uzime," akasema. "Kobe wangu naye hukosea hapo hapo kila siku. Akirudi nitamwambia umenisaidia."

Nikaweka kidole kwenye kitufe, nikashikilia.