Kila Mmoja na Pembe Yake

Enzi timu ilipokuwa ikishinda, uwanja ulifurika hadi watu wakapanda juu ya paa la vyoo. Makombe yalipokoma walipungua taratibu: kwanza wenye magari, halafu vijana, mwisho hata muuza karanga, aliyesema yeye hawezi kuviuzia viti. Waliobaki hawakusogeleana. Dereva mstaafu alikaa palepale alipozoea, nyuma ya goli. Kinyozi alikaa upande wa kulia, mjane fundi cherehani upande wa kushoto, na wengine wachache walitapakaa huku na kule, kila mmoja na pembe yake.

Kwa kuwa uwanja ulikuwa kimya, kila neno lilifika. Fundi alimpigia kelele beki wa kushoto, kijana nadhifu aliyebandikwa jina la Bwana Harusi. Akisikia "Mtu!", yaani adui anamjia kwa nyuma, aliuachia mpira papo hapo, akisikia "Una muda!" aliutuliza. Nyuma hakutazama. Dereva naye alikuwa macho ya kipa, na kinyozi macho ya winga wa kulia. Wakati wa mapumziko timu zikibadilishana magoli, nao walihama, wakifuatana na watu wao. Hakuna aliyelipanga jambo hilo. Kocha alijua, na hakuona sababu ya kuligusa.

Alhamisi mwenyekiti wa timu, mdogo wa marehemu mume wa fundi, alisimama mlangoni mwa kibanda cha kushonea.

"Shemeji, nisaidie. Jumamosi anakuja mwenye kiwanda cha magodoro kuitazama timu. Asipoinunua, msimu ujao hatuna ada, na ligi haitusajili."

"Nimshonee suti?"

"Waambie wenzako mkae pamoja, jukwaa la mkabala na la wageni waalikwa, katikati. Mkitawanyika vile mnaonekana kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba."

Fundi alicheka mpaka akaondoa mguu kwenye cherehani. Alijua ni kweli. Alijua pia kwamba timu hiyo ikifa, Jumamosi zake zote zingebaki za kufulia tu. Akakubali.

Kuwashawishi wenzake hakukuwa rahisi. "Nikae na kinyozi?" dereva aling'aka. "Mdomo ule kama redio, na hauna kitufe cha kuzimia!" Kinyozi alitaka ahakikishiwe kwamba dereva atavaa viatu, si yale makubazi yake. Lakini Jumamosi walifika wote, wakabanana katikati ya jukwaa, na kwa dakika za mwanzo walifurahi kupita walivyotarajia. Miaka yote walikuwa wakipungiana mikono kwa mbali. Sasa waligundua kwamba dereva ana utani, na kwamba kinyozi hutafuna kucha.

Kisha kinyozi aliona winga wake anafuatwa, akaruka juu. "Mtu!"

Bwana Harusi, aliyekuwa na mpira na nafasi ya kutosha, alisikia neno lake likitoka palepale inapotoka sauti ya fundi. Akauachia mpira papo hapo, moja kwa moja miguuni mwa mshambuliaji wa wageni. Bao.

"Wewe!" fundi alimgeukia kinyozi. "Umemwambia nani?"

"Nimemwambia wangu! Wako kasikiaje?"

Haikupita muda krosi ikaja. Dereva alipaza sauti, "Toka!" na hapohapo fundi, akimlenga beki wake, "Baki!" Kipa alitoka, akabaki katikati ya safari, mpira ukampita juu ya kichwa. La pili. Jukwaani walitazamana kama watu waliochanganya funguo za nyumba.

Filimbi ya mapumziko ilipolia, fundi alibaki ameketi. Wakikaa pamoja, mgeni angeona kundi la mashabiki na timu inayochapwa. Wakitawanyika, angeona timu inayojikokota na viti vitupu. Na ahadi alikuwa amempa shemeji yake. Alipima pande zote mbili kama kitambaa kisichotosha, akasimama.

"Inukeni. Kila mtu kwenye pembe yake."

"Na bwana magodoro je?" kinyozi aliuliza.

"Tukifungwa sita, atatununua ya nini?"

Ng'ambo ya pili, mwenyekiti aliwaona mashabiki wake wanashuka jukwaani mmoja mmoja, akainua mikono yote miwili kama mtu anayezuia gari. Fundi alimwona vizuri sana. Akaendelea kutembea.

Kipindi cha pili kilikuwa kazi ya kawaida. "Mtu! Una muda! Geuka sasa!" Mabeki walitulia, kipa akajua atoke lini, na winga wa kinyozi akafunga mara mbili. Mechi ikaisha sare.

Mwenye kiwanda alizunguka uwanja kwa miguu, mwenyekiti akimkimbilia nyuma, akaja hadi alipo fundi.

"Mama, nilidhani mmegombana, mnaenda zenu."

"Hapana, bwana. Tulirudi kazini." Akamweleza yote, pamoja na mabao mawili waliyoyasababisha wenyewe. Mwenyekiti alifumba macho.

Mgeni alisikiliza bila kumkata kauli. "Mimi nikinunua timu, nitataka viti vijae. Tiketi za bei ya chini, mabasi, wanafunzi. Hapo sauti yako itakuwaje?"

"Haitasikika."

"Na beki wako?"

"Atafungisha mechi mbili tatu, kisha atazoea."

"Na wewe unataka nini?"

Fundi alitazama viti, safu kwa safu. Alipenda kusikika, hilo hakulificha. Lakini kumsikia mtu mmoja kulihitaji uwanja mtupu, na uwanja mtupu ulikuwa na mwisho wake.

"Wajae," alisema.

Mgeni alimgeukia mwenyekiti. "Andaa mkataba. Misimu miwili, halafu tutaona." Akampa fundi mkono, akaenda zake, naye mwenyekiti akamshika shemeji yake mabega, asijue amfokee au amshukuru.

Bwana Harusi alikuwa bado kwenye mstari, anafungua kamba za viatu. Fundi akamwendea.

"Kuanzia mazoezi ya Jumanne, ujifunze kutazama nyuma."

Kijana alishtuka. "Kwani mama unatuhama?"

"Nihamie wapi? Watu wanakuja."