Mwenye Akaunti ni Mama

Akaunti ya mchezo ya mume wangu iliibwa Jumamosi, naye akanuna kama aliyefiwa. Mwanzoni nilimcheka. Mtu mzima, mwenye duka la kuku wa kukaanga, analilia shujaa wa kwenye kompyuta! Halafu nikakumbuka kwamba tulijuana ndani ya mchezo huo huo, kicheko kikanikauka.

Kampuni ilikubali kuirudisha, mradi mwenye akaunti aonyeshe kitambulisho na kutaja namba ya siri itakayotumwa kwenye simu yake. Kwenye kumbukumbu zao, mwenye akaunti hakuwa mume wangu, Dong-ha. Alikuwa Pyo Mal-sun, mama yake mzazi.

Wengi wa rika letu hapa Korea walifanya hivyo. Enzi za utoto wetu, ikifika usiku wa manane michezo iliwafungia watoto kwa sheria, basi wakajisajili kimyakimya kwa kitambulisho cha mama. Shida ni kwamba Dong-ha na mama yake hawakuwa wakisemezana tangu alipoacha mitihani ya kazi za serikali akafungua duka. Alisema heri aipoteze akaunti. Ukaidi wake naujua, na mimi wangu ninao, nikampigia mama mkwe mwenyewe, nikaiweka simu mbele ya Dong-ha kwa spika.

Nilipomaliza kueleza, Mama aliuliza kama mwanawe yupo.

"Nipo, Mama," akasema Dong-ha. "Nilitumia jina lako. Nisamehe."

"Mbona najua? Siku ile ujumbe uliingia kwangu. Ulichukua simu yangu ukadhani nimelala."

"Na hukusema?"

"Ulikuwa unacheka peke yako huko chumbani. Ningesema nini?" Akakohoa kidogo. "Dada yako kila siku ananiambia nibadili namba, matapeli wamezidi. Nimekataa. Ungepiga ukaambiwa haipatikani, ungedhani nimekuchoka."

Dong-ha akageukia ukutani. Nami nililia, sioni haya kusema.

Namba ya siri ikatumwa. Mama akaanza kuisoma polepole, katikati akauliza kama Dong-ha anakula vizuri, muda ukaisha. Tukaomba nyingine. Hiyo nayo ikaisha, maana aliuliza kuhusu mgongo wa Dong-ha.

Nikawa naomba ya tatu, Dong-ha akanishika mkono.

"Usisome tena, Mama," akasema. "Nakuja kuiona huko huko."

Mama hakuaga. Tulimsikia akifungua friji, kisha sufuria zikigongana.