Maji Juu ya Mashine

Mkono wa mashine ulirudi nyuma ghafla ukampiga Mfaume kwenye kifundo cha mkono, vichupa viwili vya kioo vikapasuka, na mkojo wa mgonjwa ukamrukia Siwema mpaka kidevuni.

"Usiguse!" Mfaume alipiga kelele, mkono kaubana kwapani. "Mama Tatu, usiguse vioo!"

"Nani anagusa? Nimesimama hapa nimeganda kama boriti, unaniambia usiguse." Siwema alijifuta kidevu kwa bega la gauni. "Umeumia?"

"Sijui. Ngoja kwanza isimame."

"Imeshasimama, baba. Ndiyo maana imekupiga."

Kweli ilikuwa imesimama, na hilo ndilo lililowashangaza, kwa sababu mashine ile haikuwa na tabia ya kusimama kwa ghafla. Ilikuwa chuma kizito kilichobanwa kwenye ukingo wa meza katika chumba cha vipimo cha hospitali, pale Kisarawe, ina mkono wa kuzungushia kama wa cherehani, na juu yake kichwa chenye vikombe vinne vya shaba vinavyoning'inia. Kila kikombe kilibeba kichupa cha mkojo. Ukizungusha, vikombe huinuka vikalala hewani, na yale mazito yaliyomo kwenye mkojo huzama chini: usaha, damu, mayai ya kichocho. Mfaume huchukua tone la chini akalitazama kwenye hadubini, akajua nani apewe dawa. Ukiachia mkono, kichwa huendelea kuzunguka mpaka kichoke chenyewe, na ole wake atakayekizuia kwa kidole. Hilo Mfaume alimfundisha Siwema siku ya kwanza. La pili, vichupa vikae viwili viwili vikitazamana, vimejaa sawasawa, la sivyo mashine itaruka mezani kama mwenye pepo.

Siwema alivaa glovu nene za mpira. Alimwaga dawa ya laisoli juu ya meza na ndani ya vikombe, akaiacha ikae, kisha akaokota vioo kwa kibanio, kimoja kimoja, akavitia kwenye kopo lenye kifuniko. Akachungulia vile vitako vya mpira vilivyo chini ya vikombe, kwa kuwa kipande kimoja kikibaki pale, kesho kinapasua kichupa kingine. Alifanya yote bila kuharakisha. Miguu ilikuwa inamuwaka. Aliamka kabla ya adhana, akamgeuza na kumwogesha mumewe Mwinyijuma, ambaye tangu aanguke mnazini hana mgongo wa kufanyia kazi, akachemsha mihogo, ndipo akaja kazini. Nyumba nzima ilikula kwa mikono yake miwili hii iliyokuwa ndani ya glovu.

"Umeiangusha?" Mfaume aliuliza, akijaribu kuzungusha mkono wa mashine. Ulikwama kama umechomelewa.

"Ningeiangusha ungesikia kishindo mpaka Pugu."

"Sasa imekuwaje? Tangu masika yaanze inakoroma tu. Natia mafuta, inakoroma. Naongeza mafuta, inakoroma."

"Nayaona hayo mafuta. Yanachuruzika mpaka sakafuni, anayefuta ni mimi."

Mfaume aliketi juu ya kigoda. Alikuwa kijana wa Mlandizi, mpole, aliyesomea kazi hii Dar es Salaam, na leo uso wake ulikuwa wa mtu aliyekosa usingizi. "Kesho kutwa mashine hii inatakiwa Dutumi, kando ya mto Ruvu. Kijiji kizima kitapimwa, wanakojoa damu kule hadi watoto. Na Daktari anarudi leo jioni. Atauliza nani kaiharibu, Mama Tatu, na humu ndani tuko wawili."

Siwema alijua maana yake. Wa kwanza kufukuzwa hawi aliyesomea.

Wakaifunga kwenye gunia wakaipeleka sokoni kwa Saburi, fundi wa baiskeli. Saburi alikuwa Mnyamwezi aliyeoa Kisarawe akakaa, na kila Mzaramo aliyepita mbele ya kibanda chake alikuwa mtani wake, hata akiwa amebeba msiba.

"Karibuni, watani! Leo mmeniletea nini? Mbuzi ya kukunia nazi?"

"Nyamaza, Mnyamwezi," Siwema alisema. "Ulifika pwani na mizigo ya watu kichwani, nazi umeijulia wapi?"

"Nimeijulia kwa mke wangu, dada yenu. Hana kingine anachojua kupika." Saburi aliitua mashine mezani, akaigonga, akailaza ubavu. Alifungua nati ya juu akakitoa kile kichwa chenye vikombe. Kisha akafungua skrubu za tumbo, pale penye meno na gololi zinazozungusha kila kitu.

Kilichotoka kwanza hakikuwa mafuta. Yalikuwa maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakifuatiwa na uji wa kutu. Gololi tatu zilikuwa zimekatika vipande. Nyingine zilikuwa zimeshikana kama punje za bisi.

"Lahaula," Saburi alisema. "Hii imezama mto gani?"

"Haijatoka ndani ya chumba," Mfaume alisema. "Maji yangeingiaje?"

Siwema aliutazama ule uji wa kutu. Alielewa kabla hawajamaliza kuulizana.

"Naimwagia mimi," alisema.

"Unaimwagia?"

"Kila siku nikimaliza kuifuta. Naibandua mezani, naibeba nje, naiweka kwenye jiwe karibu na pipa, naimwagia maji kwa kata. Mara tatu, yapite juu yake yote. Tangu ulipoanza kuijaza mafuta, naimwagia zaidi, maana naona inazidi kuchafuka."

Mfaume alifumba macho. "Nilikwambia ufute kwa laisoli. Kufuta, Mama Tatu. Nilisema kuosha?"

"Nafuta. Kisha naosha. Mkojo ni najisi, Bwana Mfaume. Kitambaa kile kimoja unachonipa kinaufuta au kinausambaza? Nikitoka pale nasali adhuhuri. Nikitoka hapo naenda kupika. Kwani nyumbani kwenu Mlandizi mtoto akikojoa mkekani mnafuta kwa dawa mnakaa?"

"Laisoli inaua vijidudu vyote."

"Sikatai, vife. Vijidudu kufa ni habari nyingine, na kitu kuwa tohara ni habari nyingine. Madrasa hukusoma?"

Mfaume alikuwa amesoma, tena mpaka akahitimu.

"Mtani," Saburi alisema kwa upole wa uongo, "umeiogesha mashine kila siku mpaka imepata baridi ya mifupa. Ungeisomea na dua."

Siku nyingine Siwema angemjibu. Leo aliketi kwenye ukingo wa meza bila kuangalia kama una grisi. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata aibu ilimjia polepole. Aliitunza mashine ile kuliko alivyojitunza mwenyewe, na kila kata ya maji ilikuwa inaila. Sasa atarudi nyumbani amwambie Mwinyijuma nini? Kwamba kafukuzwa kwa usafi?

"Gololi ninazo," Saburi alikuwa akisema. "Za baiskeli, kipimo ni hiki hiki. Meno nitayasugua. Itazunguka. Lakini mkiimwagia tena, msije kwangu."

"Hataimwagia tena," Mfaume alisema.

"Nitaimwagia," Siwema alisema.

Wote wawili wakamtazama.

"Msinitolee macho. Siwezi kuacha mkojo wa watu juu ya chuma kisha nikaushika mchana kutwa. Ngoja." Aliinuka. "Fundi, hicho kichwa kimetoka kwa nati moja?"

"Nati moja."

"Na vikombe?"

"Vinachomoka kwa mkono."

"Basi panapomwagika mkojo pote panatoka. Kichwa na vikombe nitavipeleka nje niviogeshe nitakavyo. Hilo tumbo libaki mezani, sitalipeleka majini."

"Tumbo nalo hurukiwa," Mfaume alisema.

"Tutalivalisha. Nyumbani nina mwavuli uliovunjika. Kitambaa chake hakipitishi maji. Nakikata, natoboa katikati, nakifunga chini kwa uzi. Kikirukiwa, nakivua, nakifua."

Mfaume aliufikiria mpango huo kwa kero, kwa sababu hakuona pa kuukatalia. "Kufungua nati kila siku na kuifunga kila siku. Siku utakayoilegeza, kichwa kitachomoka kinazunguka, kitatupasua vifua."

"Hilo nalo kweli," Saburi alisema, na utani ukamtoka usoni. Alichukua tupa, akakwaruza alama juu ya nati na nyingine juu ya chuma chini yake. "Tazama hapa, mtani. Ukikaza, alama hizi zionane. Zisipoonana, usizungushe. Kila kitu kikauke kabisa kabla ya kurudi mahali pake. Na mafuta tone moja, si kikombe kizima kama anavyofanya bwana mkubwa huyu."

Daktari aliwakuta jioni wakiibana mashine mezani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake alijifunzia Tanga. Aliona kutu kwenye gunia, akaona kifundo cha Mfaume kilivyovimba.

"Nani amefanya?"

"Daktari, mashine yenyewe ni kuukuu, imecha..." Mfaume alianza.

"Ni mimi," Siwema alisema. Hakupenda kutetewa na mtu aliyesinzia kwa uchovu. Alieleza yote, maji, kata, najisi, mwavuli, bila kupamba na bila kulia.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa nini hukuuliza kwanza?"

"Sikujua kwamba kuosha ni jambo la kuulizwa."

Daktari aliushika mkono wa mashine akauzungusha vikombe vikiwa vitupu. Kichwa kiliondoka taratibu, kikachanganya, kikavuma kwa sauti nyembamba isiyo na mkoromo. Aliachia, akangoja mpaka kikatulia chenyewe.

"Inakwenda Dutumi," alisema. "Wewe utakwenda nayo. Kazi yake yote, kuosha, kufunga, mafuta, ni yako peke yako. Ikifanya kazi, unabaki hapa. Ikikwama mbele ya wale watu, nitatafuta mtu mwingine."

Nyumbani Mwinyijuma aliipokea habari akiwa kalala chali, anatazama makuti. "Utakaa siku ngapi?"

"Mpaka wamalize kukojoa."

Alicheka mpaka mgongo ukamuuma, na Siwema ikabidi amshike. Mama mkwe wake, Bi Mwanaamina, aliyekuja kutoka kijiji cha Masaki na kikapu cha mihogo, hakucheka. "Mwanamke mzima unapanda lori na wanaume kufuata mikojo ya Ruvu," alisema.

"Unisaidie kumgeuza mwanao asubuhi, mama. Binti yangu Tatu peke yake hawezi."

"Nitamgeuza. Nani alisema sitamgeuza? Mimi nasema tu."

Safari ilikuwa ya vumbi na mashimo. Siwema aliipakata mashine ndani ya godoro dogo la sufi, kama mtoto mwenye homa, na Salumu, dereva, aliyekaa mbele na Daktari, alipiga kila shimo. Kibaha walisimama rejeta inywe maji. Mpaka wanafika Dutumi, mapaja yalikuwa yamekufa ganzi, na watu walikwishapanga foleni mbele ya nyumba ya jumbe, kila mmoja ameshika chupa, kopo au kifuu, wengine wakitazama pembeni kwa haya.

Mfaume alizungusha asubuhi yote kwa mkono wake mzima. Siwema alipanga vichupa vikitazamana, akapima kwa jicho, akaongeza tone hapa, akapunguza pale. Mashine ilivuma. Kila ilipovuma aliisikiliza kwa mwili mzima, akisubiri mkoromo, na usipokuja alipata nguvu ya kupanga vinne vingine. Kila kichupa cha tatu, Mfaume aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini akasema, "Anacho."

Walipomaliza zamu ya kwanza alifungua nati, akavua kile kitambaa cha mwavuli, akauliza maji yako wapi. Mwanamke mmoja wa pale alimletea mtungi umejaa.

"Ya wapi haya, dada?"

"Ya mtoni. Ya wapi tena?"

"Yaache!" Mfaume aliita kutoka mlangoni. "Kichocho chenyewe kinaishi humo. Usitie mikono. Yachemshwe kwanza."

Siwema aliutazama mtungi, akatazama vikombe vya shaba, akamtazama Salumu aliyelala chini ya lori kofia usoni. Hakuna aliyekuwa amebeba kuni. Aliazima panga kwa yule mwanamke akaingia kichakani.

Jua lilikuwa limeinama alipomaliza. Alikuwa amechemsha, amepoza, amemwagia vikombe na kichwa mara tatu maji yapite, amekausha kwa kitambaa kisafi, kisha kwa jua. Alitia tone moja la mafuta. Alikaza nati mpaka alama mbili zikaonana, akaizungusha ikiwa tupu kwanza, akiwa amesimama pembeni, kichwa cha mashine kisielekee kifuani mwake. Ikavuma.

Daktari alikuwa nyuma yake. Siwema hakujua kasimama pale tangu lini. Daktari alizitazama zile alama, akagusa chuma kwa kidole kuona kama ni kikavu.

"Kesho tuanze alfajiri," alisema. "Na Kisarawe vilevile, ufanye hivi hivi." Akaenda zake kwa jumbe.

Siwema aliketi chini palepale, miguu kainyoosha mbele.

"Basi umebaki kazini," Mfaume alisema.

"Nimebaki." Alijaribu kufurahi, akakuta furaha ipo lakini iko mbali, itafika baadaye. "Sasa niambie, hiyo alfajiri, kuni anakata nani?"

Mfaume alitazama kifundo chake, kisha lori, kisha kichaka.

"Namwamsha Salumu," alisema.

"Mwamshe vizuri," Siwema alisema, akalala chali juu ya lile godoro la sufi.