Dalili za Nani?

Tangu atoke hospitali, Radi alikuwa haruhusiwi kukasirika. Kucheka aliruhusiwa, ila si sana. Kulala aliruhusiwa, ila si mchana. Lakini hasira ilipigwa marufuku kabisa katika nyumba ya mama yake, na wala hakuna aliyemwambia. Aligundua mwenyewe asubuhi moja alipoguna kwamba chai haina sukari, akaona mama na mdogo wake wanatazamana juu ya kichwa chake kana kwamba ametapika mezani.

Sasa hebu fikiria. Huyu ni mtu ambaye majirani walimpa jina la Radi angali mtoto, kwa sababu ya hasira hizo hizo. Alikuwa fundi makochi, tena fundi kwelikweli, na hakuna kitu ambacho hakuwahi kugombana nacho: wateja wanaobadilisha rangi ya kitambaa kazi ikiwa nusu, misumari inayopinda, mvua, gundi. Alifoka, akamaliza, akasahau, kisha akakuuliza kama umekula. Mtaa mzima ulimzoea. Ikipita siku hajafoka, watu walidhani amesafiri.

Kisha akaugua. Alianza kusikia sauti za watu wasiokuwepo, mambo yakaharibika, akalazwa. Akatibiwa, sauti zikanyamaza, akarudi nyumbani na dawa zake, na kila jioni alizimeza mwenyewe bila kusukumwa na mtu. Mpaka hapo hakuna wa kulaumiwa. Ugonjwa hauna adabu, humwingia yeyote.

Lawama inaanzia kwenye darasa.

Hospitali ile ilikuwa na darasa la familia kila Alhamisi alasiri, na nia yake ilikuwa njema, hilo tusilinyime haki yake. Kabla ya darasa, mama yake Radi alikuwa amejilaumu mpaka amekonda. Alidhani alimlea vibaya, au kuna mtu amemharibia mwanawe. Darasani akaambiwa kwamba huu ni ugonjwa kama magonjwa mengine, kwamba si kosa lake wala si kosa la mtoto, kwamba dawa zisiachwe hata mtu akijisikia mzima. Alirudi nyumbani ametua mzigo, akala akashiba kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Radi mwenyewe alifurahi kumwona vile.

Ila darasa lilikuwa na sheria yake: wagonjwa hawaingii. Eti ili ndugu waongee kwa uhuru. Watu walikaa kwenye viti vya plastiki wakajifunza habari za Radi na wenzake, na Radi na wenzake wako nyumbani wanaanika nguo. Harusi bila bwana harusi! Na hakuna hata mmoja, kuanzia aliyebuni darasa hadi aliyepanga viti, aliyeona kwamba kuna kiti kimepungua.

Basi mama akarudi na dalili za ugonjwa kurudi, zote kichwani, na akawa anazihesabu kwa vidole: kuongea kwa sauti ya juu, hasira za ghafla, kujitenga, kutilia watu shaka, kukosa usingizi. Mdogo wake Radi, dereva wa teksi, alizishika vizuri zaidi, maana yeye alisoma mpaka kidato cha juu na anapenda kusahihisha watu. Nyumba ikageuka kituo cha ulinzi. Radi akinyamaza, amejitenga. Akiongea, amezidisha maneno. Akiuliza nani kachukua mkasi wangu, anatilia watu shaka. Na mkasi wamechukua kweli, wameuficha kwenye kabati la vyombo!

Si kwamba hawakumpenda. Walimpenda, na waliogopa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini mtu akikuogopea hivyo kila siku, mwishowe unakosa pa kuweka miguu.

Radi alivumilia. Kisha siku moja akaona yatosha, amepona vya kutosha kushika kazi. Akachukua ufunguo wa kibanda chake cha ufundi pembeni ya nyumba, akafungua. Fremu za makochi zilikuwepo, sponji zilikuwepo, mikanda ilikuwepo. Cherehani haikuwepo. Ile cherehani nzito ya kushonea ngozi, aliyoinunua kwa jasho la miaka, ilikuwa imeacha alama safi juu ya meza yenye vumbi.

Mdogo wake alikuwa uani anafuta gari.

"Cherehani yangu iko wapi?"

Mdogo mtu akaweka kitambaa chini taratibu. Akavaa sauti ya darasa, laini, kama anambembeleza mtoto anywe dawa ya minyoo.

"Kaka, kwanza tukae. Vuta pumzi."

"Nimeshavuta. Iko wapi?"

"Ulipokuwa umelazwa tulifikiri ni vizuri upunguziwe msongo wa mawazo. Kazi ilikuwa inakuchosha. Tukamuuzia yule fundi wa stendi."

"Mlifikiri nyie na nani?"

"Mimi na... familia."

"Familia ndiyo nani? Mimi ni mpangaji hapa? Na hela mmefanyia nini?"

Mdogo mtu akalitazama gari lake. Lilikuwa na giaboksi mpya. Radi naye akalitazama, na akaelewa bila kuambiwa.

Hapo radi ikapiga. Alimwita mwizi, alimwita kupe, alimwita majina ambayo mama yao akiwa dirishani aliziba masikio asiyasikie. Akatafuta kitu cha kurusha, na kilichokuja mkononi kilikuwa kipande cha sponji. Sponji! Kilimgonga mdogo wake kifuani, kikaanguka bila hata kutoa sauti.

"Mama!" mdogo mtu akaita, bado na ile sauti laini. "Zimeanza."

Haikuchukua muda. Muuza mkaa wa jirani, mtu wa mikono minene, aliitwa asaidie, akamshika Radi kwa nyuma huku akisema samahani ndugu yangu, samahani. Wakamwingiza kwenye gari lile lile, mama na muuza mkaa wakapanda naye. Njia nzima alikaa akisikia giaboksi mpya ikibadilika kwa ulaini, na kila ilipobadilika damu ilimchemka upya.

Alijua kinachomngoja. Akilazwa mara ya pili, mtaa ungemfuta. Mteja gani atampa kochi lake mtu anayeingia na kutoka wodini? Na mdogo wake alikwishaanza kuuliza kibanda kinaweza kupangishwa kwa nani. Kama asingesikilizwa leo, asingebaki na kazi wala na neno.

Muuguzi aliyewapokea hospitali ndiye yule yule mwalimu wa Alhamisi, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Akawakaribisha kwenye chumba chenye meza, viti na mzani wa kupimia uzito.

"Imekuwaje?" akamuuliza mama.

"Hasira za ghafla, Sista. Sauti ya juu."

"Na kutilia watu shaka," mdogo mtu akaongeza. "Ananiita mwizi. Na amerusha vitu."

"Analala?"

"Analala," mama akasema.

"Anameza dawa?"

"Anameza."

Maswali yote yalipita juu ya kichwa cha Radi, yakaenda, majibu yakarudi, kama yeye ni kochi lililoletwa kutengenezwa na wenye nalo wanaeleza lilipochanika. Muuguzi akainuka kuandaa sindano ya kumtuliza.

Radi alijua njia ya kutokea. Ilikuwa rahisi mno: ashushe sauti, atabasamu, aseme asante Sista, nisameheni wote. Wangemrudisha nyumbani. Na njia hiyo ndiyo iliyomtia hofu kuliko sindano, maana alikwisha kuipita, na alijua inakoishia.

"Sista!" akasema kwa nguvu, na muuza mkaa akamshika bega. "Hujaniuliza mimi."

Muuguzi akageuka. "Haya, baba. Sema."

"Hizo dalili ulizowafundisha, ni dalili za nani?"

"Za wagonjwa walio wengi."

"Mimi ni wengi? Mimi ni mmoja, nimekaa hapa! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hiki nimekilalia mimi. Hamkuniita darasani. Mngeniita ningewaambia: mimi nikianza kuumwa sifoki. Naacha kufoka. Muulize mama yangu nilikuwaje kabla hamjanilaza. Muulize!"

Muuguzi akasimama na trei mkononi. Ni wazi alikuwa na jibu, na ni wazi alilimeza. Akamwangalia mama.

"Mama, wiki zile kabla hajalazwa, alikuwaje?"

"Kabla?" Mama akafikiri. "Kabla alikuwa mzuri. Alikuwa mzuri sana. Aliacha ugomvi. Alinioshea vyombo bila kuombwa. Alizunguka mtaani akawaomba msamaha watu wote aliowahi kuwafokea, mlango kwa mlango. Akinijibu ananijibu kwa sauti ya chini, ndiyo mama, asante mama. Nikamshukuru Mungu. Nikawaambia majirani mwanangu amekua..."

Mkono wake ukapanda mdomoni.

"Walikuwa wananisikiliza, mama," Radi akasema. "Zile sauti ziliniambia kila neno langu linasikilizwa, na nikimkosea mtu yeyote, utakufa wewe. Ndiyo maana nilikuwa mpole. Ilikuwa woga. Na nyie mkanisifu."

Wakati anazama walimpigia makofi, na leo amefika nchi kavu wakamletea muuza mkaa. Hata muuza mkaa mwenyewe alilielewa hilo, maana aliondoa mkono begani kwa Radi, asijue pa kuupeleka, mwishowe akauficha mfukoni.

Muuguzi akaweka trei chini. Akavuta kiti, akakaa mbele ya Radi, akavaa miwani, akamuuliza upya yale maswali yote na mengine zaidi, safari hii akimtazama yeye. Sauti? Hazipo. Usingizi? Upo. Kuna mtu anamfuatilia? "Hawa wawili," Radi akasema, "tangu nitoke hapa." Muuguzi akajizuia kucheka, akashindwa.

Kisha akawageukia ndugu.

"Huyu hajarudiwa na ugonjwa," akasema. "Huyu ameuziwa mali yake bila kuulizwa. Mimi ningeuziwa, ningefoka zaidi. Na kosa la darasa ni letu, nalisema mbele yenu. Tuliwapa dalili za watu, hatukuwaambia mkamuulize mwenyewe za kwake." Akamgeukia Radi. "Alhamisi uje."

"Nije kufundishwa au kufundisha?"

"Uje ukae. Mengine tutayajua tukiwa tumekaa wote."

Radi hakusema asante. Alikuwa amechoka kushukuru kwa vitu ambavyo ni haki yake.

Mdogo mtu akakohoa. "Lakini Sista, kwa upande wetu sisi nia ilikuwa njema. Ile cherehani tuliuza kwa faida yake. Tusilichukulie kwa jazba. Tukifika nyumbani tutakaa, tutaliongea polepole, kwa utulivu..."

"Utulivu?"

Aliyesema ni mama. Alikuwa ameinuka, na mkoba wake ulikuwa umeanguka chini bila yeye kujua.

"Uliniambia hospitali ndio walioshauri iuzwe! Uliniambia wewe mwenyewe, umesimama jikoni kwangu! Nikakubali, nikalia, nikakubali! Sista, mlishauri?"

"Hapana, mama."

"Unasikia? Unasikia, wewe mtoto? Umemlia kaka yako akiwa kitandani, umenilia na mimi! Leo hii utaenda stendi, leo, na hilo gari utaliuza ukitaka, utatembea kwa miguu ukitaka, cherehani ya mwanangu irudi! Usinishike! Nani kakuambia unishike?"

Sauti yake ilitoka nje ya chumba ikaenda hadi mwisho wa korido. Watu waliokaa kwenye mabenchi walichungulia. Alipiga meza kwa kiganja, akapiga tena, machozi yanamtoka na maneno hayakatiki. Muuguzi akammiminia maji kwenye kikombe, akamsogezea kiti, akasubiri amalize. Mtu mzima ameudhika, ana sababu. Kila aliyekuwepo aliliona hilo bila kufundishwa.

Radi alimtazama mama yake, kisha kikombe cha maji, kisha trei ya sindano iliyokuwa bado juu ya meza.

"Mama," akasema, "punguza sauti. Watakushika."

"Wanishike!" akasema mama, na akaendelea.