Mahameli ya Bi. Pickersgill

Nimegongomea viti vitambaa hapa mjini Thirsk, Uingereza, miaka arobaini na mitatu, na kinywa changu kimeonja misumari zaidi kuliko chai. Ndivyo tunavyofanya: unatia misumari midogo mdomoni, ulimi unaisukuma mmoja mmoja, nyundo inaupokea. Aliyenifundisha ni mzee Garbutt, mtu mkali, ambaye sifa kwake ilikuwa kunyamaza.

Nilikuwa na miezi mitano tu karakanani kwake nilipoharibu. Mahameli ina manyoya, na lazima yalale kuelekea chini. Mie nikakivika kiti cha Bi. Pickersgill, mke wa daktari, manyoya yakitazama juu. Niligundua msumari wa mwisho umeshaingia na kitambaa kimekwisha. Garbutt akakipapasa kiti, akanitazama. Akakipindua, akagongomea mwenyewe kitambaa cha chini, kile kinachoziba tumbo la kiti. Nikajua kibarua changu kimeota nyasi.

Bi. Pickersgill alipokuja kukikalia, sketi yake ikang'ang'ania manyoya. Akanitazama mimi.

"Nilikwambia, Bwana Garbutt, kazi hii si ya wasichana. Utamwondoa lini huyu?"

"Kitambaa nilikata mimi, mama," akasema Garbutt. "Cha kuondolewa ni haya macho yangu. Binti kapiga misumari tu, na misumari iko sawa."

"Makubwa. Basi vaa miwani," akasema yule mama, akaondoka na kiti chake.

Nilipofungua mdomo nimshukuru Garbutt, akanikatiza: "Fagia singa hizo." Nikazifagia, nywele za farasi tunazojazia viti. Kila nilipojaribu tena alinipa kazi nyingine, mpaka akafa, shukrani imenikaa kooni.

Juzi mjukuu wa Bi. Pickersgill kaleta kiti kile kile. Sisi mafundi tuna desturi: anayeshika kiti huandika jina lake kwa penseli kwenye ubao wa ndani, mahali ambapo fundi mwenzake tu ataona. Siku ile sikuandika langu, Edna Thackray, kwa aibu. Nikang'oa kitambaa cha chini, nikakuta mwandiko wa Garbutt:

"Mahameli imekatwa vibaya na H. Garbutt, 1954. Misumari ni ya Edna Thackray. Haina kasoro."

Hata humo ndani, ambamo hamkuwa na mteja wa kumdanganya, alinisitiri. Nikakaa sakafuni nikalia, mtu mzima mimi. Kisha nikachukua penseli, nikaandika chini yake: "Mwongo. Nilikata mimi. Ahsante, mzee wangu."