Dawa Katika Michungwa ya Mzee Fulgensi

Kiharusi kilimpata Mzee Fulgensi mwezi wa pili, akiwa ameinama kufunga banda la kuku. Mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi, na maneno yote yakamtoka isipokuwa moja. Akitaka maji, alisema "kesho." Akitaka kugeuzwa kitandani, alisema "kesho." Kichwani maneno yalikuwepo yote, tena yamejipanga sawasawa, lakini kila lililofika mdomoni liligeuka kuwa hilo hilo. Kichwa nacho tangu siku ile kilikuwa kikitikisika chenyewe, kwa hiyo hakuna aliyejua lini anakubali na lini anakataa.

Kila asubuhi mkewe, Balbina, alimtoa nje akamkalisha kwenye kiti cha plastiki, uani mwa nyumba yao ya Katindiuka, kuielekea michungwa yake mitano. Fulgensi aliipanda mwaka aliohama Mahenge, na kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna aliyeihudumia ila yeye. Balbina alikuwa mtu wa mpunga na kuku. Michungwa aliijua kwa kula tu.

Sasa Fulgensi alikaa akitazama inavyoharibika. Miwili ya mbali, kule kwenye uzio, ilikuwa na majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, na yenyewe ilikuwa safi, kwa sababu majimoto hula wadudu wengine. Mitatu ya karibu na nyumba ndiyo iliyokuwa ikiugua. Huko walipanda sisimizi wadogo weusi, mstari mmoja kwenda, mmoja kurudi, wakifuata vidudu vilivyoganda matawini kama magamba. Vidudu hivyo hunyonya utomvu na kutoa maji matamu. Sisimizi huyanywa, na kwa ajili hiyo huvilinda visiliwe. Utamu unaobaki juu ya majani huota ukungu mweusi kama masizi ya chungu.

Zamani alikuwa na utaratibu wake. Alikata matawi yote yaliyogusa ukuta na paa, akalifunga shina kwa kitambaa, juu yake nailoni, na juu ya nailoni akapaka grisi. Sisimizi wakifika hapo walikwama. Kisha jioni aliosha majani kwa maji ya sabuni, akawaacha wadudu wengine wamalizie kazi. Lakini grisi ilikuwa imekauka ikashika vumbi, na sisimizi walikuwa wakipita juu yake kama barabara ya lami.

Mwezi wa saba, machungwa yalipoanza kuiva, mkwe wao Adolf alikuja kutoka Idete, bomba la kupulizia likiwa mgongoni. Alikuwa kijana mwema, mume wa binti yao Levina, na tangu baba mkwe augue hakupitisha wiki mbili bila kuja.

"Shikamoo baba," alisema, akachuchumaa mbele ya kiti. "Mama ameniambia miti inakufa. Nimeleta dawa niliyobakiza shambani. Hii haiachi mdudu."

Alimwonyesha chupa ya maji ya kunywa, haina nembo, ndani maji ya rangi ya chai ya maziwa. Fulgensi aliisikia harufu kabla hata kifuniko hakijafunguliwa. Ile haikuwa dawa ya matunda yanayokaribia kuchumwa.

"Kesho!" alisema. "Kesho! Kesho!"

Adolf akamgeukia Balbina. "Anasema tungoje kesho, mama?"

"Basi mngojee," alijibu Balbina, macho yakimlengalenga, maana ilikuwa mara ya kwanza neno la mumewe kupata maana. "Ni miti yake. Lala hapa, upulize kesho asubuhi."

Fulgensi alipiga goti lake kwa mkono wa kushoto. Walidhani anafurahi.

Asubuhi Adolf alipima vifuniko vinne pale ambapo viwili vingetosha, akapuliza mti mmoja hadi mwingine, hata ile miwili ya majimoto. Kufikia adhuhuri chini ya uzio palikuwa pekundu kwa chungu waliokunjamana, wengine bado wakichezesha miguu. Nyuki watatu walianguka karibu na kiti. Fulgensi alilia, na Balbina akamfuta machozi akisema dawa inachoma macho, akamsogeza kivulini.

Kesho yake, Adolf akiwa amerudi Idete, Balbina alichuma machungwa manne, akayakamua kwa mikono kwenye kikombe cha bati, maganda na yote. Akaketi mbele ya mumewe na kijiko.

"Ya kwako haya. Fungua mdomo."

Fulgensi akaubana. Kijiko kikagonga meno, maji yakamwagika kidevuni.

"Baba Levina, jana hukula. Juzi hukula vizuri. Unataka nifanye nini?" Sauti yake ilivunjika. "Au umechoka nasi? Angalia, ni matamu." Akanywa nusu ya kikombe, akitabasamu kama anayembembeleza mtoto. "Umeona?"

"Kesho," alisema Fulgensi, akinyoosha mkono kukipiga kikombe. "Kesho, kesho..."

"Haya, kesho," alisema Balbina kwa uchungu. Akanywa na nusu iliyobaki ili isipotee.

Haikufika saa moja. Alikuwa akifagia, akasimama, akajishika tumbo. Jasho likamtoka, mate yakaanza kumchuruzika. Alitapika mara mbili karibu na banda la kuku, kisha akakaa chini, miguu ikitetemeka, na hatimaye akalala ubavu.

Fulgensi alijaribu kusimama. Mguu ulio hai ulimwinua kidogo, ule mwingine ukamwangusha. Akajikokota hadi kwenye kikombe, akakishika kwa mkono wa kushoto, akaanza kugonga mabati ya bafu.

"Mzee, shikamoo!" aliitikia Siwema, jirani mwenye duka, kutoka ng'ambo ya uzio. "Kuku wanakusumbua leo?"

Akagonga. Siwema akacheka, akaendelea kumhudumia mteja. Akagonga hadi vifundo vya vidole vikachubuka, akiita neno lake lile moja kwa sauti yote aliyojaaliwa. Alimwona mkewe akikodoa macho, hatua sita tu kutoka pale alipoangukia yeye, wala hakuweza kuzimaliza.

Mwishowe Siwema alichungulia. "Yarabi! Mama Levina!" Alivunja uzio kupita. Bajaji ikaitwa, Balbina akapakiwa, na Fulgensi akabaki vumbini hadi Levina alipofika jioni kutoka Idete, kwa maana hakuna aliyekumbuka kumwinua.

Balbina alipona. Alilazwa siku tatu. Daktari aliuliza jina la dawa, na Adolf akaleta ile chupa isiyo na nembo, akasimama nayo mlangoni mwa wodi akilia kwa aibu. Machungwa yote ya mwaka ule aliyafukia shimoni kwa mikono yake mwenyewe, wala hakuna aliyemkaripia.

Muuguzi mmoja aliposikia habari za mzee, alimwambia Balbina amuulize maswali mafupi, naye abane mkono kama jibu ni ndiyo. Siku aliyorudi nyumbani, Balbina alivuta kigoda, akaushika mkono ule wa kushoto.

"Ulikuwa unanikataza?"

Akabana. Balbina akainama, kisha akaitazama miti.

"Ni wale wekundu wanaoua miti?" Hakubana. "Ni hawa weusi?" Akabana. "Wewe ulikuwa unawawekea kitu?" Akabana kwa nguvu. "Majivu? Mafuta ya taa? Chokaa? Sabuni?" Akabana, akaachia, akabana tena, kwa sababu sabuni ilikuwa nusu tu ya jibu, na nusu nyingine, ile grisi ya shinani, hakuwa na namna ya kuieleza.

"Sabuni!" Uso wa Balbina uling'aa. "Basi nitaosha, baba Levina. Nitaosha kila jioni."

Aliosha kweli. Alipanda juu ya ndoo na kitambaa chake, mwili bado dhaifu, akafuta jani baada ya jani. Usiku sisimizi walipanda tena shinani, na asubuhi Fulgensi aliwakuta wamekwisha rudi kwenye matawi yale yale, mstari mmoja kwenda, mmoja kurudi.