Utepe wa Shangazi

"Nani alikutuma? Nakuuliza tena, nani alikutuma?"

"Nilijituma mwenyewe! Tepe zilikuwa zinanuka panya, shemeji. Ulitaka gari lipambwe na mavumbi?"

"Panya ni wangu! Mavumbi ni yangu! Wewe kinakuwasha nini?"

Mimi nilikuwa na kichwa cha mteja mapajani, nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama kimepigwa na umeme. Nikamwambia, "Dada, nivumilie kidogo," nikatoka nje na kitana kikiwa bado kimechomekwa kwenye nywele zangu. Ugomvi wa majirani ni kama maziwa jikoni: ukigeuza shingo tu yameshafurika, na utabaki kuuliza watu yalianzaje. Mteja naye akanifuata na nusu kichwa chake. Nani angebaki ndani?

Ua wetu una milango sita inayotazamana. Katikati kuna bomba moja, kamba za nguo, na gari. Gari lile tunaliita Shangazi, kwa sababu ni nene, ni la zamani, na haliwaki mpaka lisalimiwe vizuri. Lina rangi ya maziwa, bampa za kung'aa, na taa mbili za duara zilizokodoka kama macho ya mtu aliyesikia umbea mtamu. Mwenyewe ni Baba Honi, dereva mstaafu, aliyebeba nalo maharusi mpaka maharusi walipoanza kudai magari yenye ubaridi ndani.

Kila Krismasi Shangazi anapambwa, anatolewa, anazungushwa mtaa mara tatu huku akipiga honi, na watu wanatoka milangoni na vijiko mikononi kumpungia. Lakini kupamba hakukuwa kazi ya Baba Honi. Kazi yake ilikuwa kuosha na kusifia. Kupamba ilikuwa kazi ya mkewe, na mkewe tulimzika mwezi wa tano.

Tangu siku ile, mzee akafunga mlango. Ukimpelekea chakula, sahani inarudi vilevile, na neno moja juu yake: "Nimeshakula." Ukimwita, anaitikia kwa ndani. Kwa hiyo asubuhi ile, mkesha wa sikukuu, tulipomwona ametoa boksi la mapambo kwenye buti na kuliweka juu ya boneti, ua mzima ulishusha pumzi. Akaondoka kwenda kuazima pampu ya kujazia upepo magurudumu.

Sasa, mlango wa pili kutoka kwangu anakaa Mama Sindano, mshonaji. Huyu mama akiona uzi umening'inia kwenye shati la mtu asiyemjua, ataukata. Aliliona boksi, akaona tepe zimejaa vumbi, akaona mzee hayupo. Akazichukua zote, akazifua kwa maji ya uvuguvugu, akaanika, na zilipokauka akazipiga pasi moja moja hadi zikalala kama kurasa za daftari jipya. Alitaka kumfurahisha. Mzee aliporudi na kuinjika maharage, mama akampelekea mlangoni, zimepangwa mkononi mwake, huku akitabasamu.

Ndipo maziwa yakafurika.

"Shemeji, asante ya punda, hiyo!" Mama Sindano alikuwa akisema. "Nimeunguza kidole changu kwa ajili ya tepe zako!"

"Kulikuwa na fundo," Baba Honi akasema.

"Zilikuwa zimejisokota mafundo kumi! Nimeyafungua yote, vinginevyo ningepigaje pasi?"

"Kulikuwa na fundo moja." Sauti ilishuka, na hapo nikajua mambo yameharibika, maana mzee yule nilimzoea akipayuka. "Kwenye ule mrefu, wa rangi ya damu ya mzee. Mwaka jana mke wangu alifungua mafundo yote, lile akaliacha. Akasema, hili liache, mwakani nisianze upya. Nikaliweka kwenye buti. Sijaligusa. Alilifunga kwa mikono yake, na wewe umelipiga pasi."

Bomba likawa linadondosha, tone, tone.

"Shangazi hatoki kesho," akasema. "Na wewe mama, usikanyage tena kizingiti changu."

Akazichukua tepe zote isipokuwa ule mrefu, ambao aliuacha mkononi mwa Mama Sindano kana kwamba ulikuwa wa mtu mwingine, akaingia kwenye gari na kuufunga mlango. Akakaa pale kwenye usukani, mikono miwili imeshika, safari hakuna.

Mama Sindano ni mtu ambaye mdomo wake na cherehani yake hushindana. Siku hiyo aliingia kwake kimya, na cherehani haikulia. Mimi nikarudi kwa mteja wangu, nikasuka mistari mitatu, yote ikaenda kombo kama njia ya mlevi. Nikafumua. Mteja akaniambia, "Usisuke ukiwa na majonzi, utanifanya nionekane nimefiwa mimi." Alikuwa na haki. Nilikuwa nawaza tu: maji yakimwagika hayazoleki, lakini je, fundo? Fundo ni kitu gani hasa? Utepe upo, urefu uleule, rangi ileile, safi kuliko jana. Kilichoondoka hakishikiki, na bado mzee wa watu amekaa garini kwa sababu hicho kisichoshikika ndicho alichokuwa nacho.

Saa moja hivi ikapita. Kisha nikasikia, "Msusi! Njoo uone! Njoo upesi!"

Mama Sindano alikuwa amesimama dirishani kwake, ameutandaza utepe kwenye mwanga. "Unaona nini?"

"Naona utepe."

"Angalia kama fundi, usiangalie kama mteja! Hapa umepauka. Hapa haujapauka. Hapa umepauka tena." Kidole chake kilichoungua kilikuwa kinatembea juu ya satini. "Jua limekula sehemu iliyokuwa nje. Sehemu iliyokuwa ndani ya fundo imebaki na rangi yake. Msusi, fundo limeandikwa humu! Tukikunja ile iliyoiva iingie ndani na iliyopauka itoke nje, litarudi!"

Ni kweli, Krismasi zote zile juani zilikuwa zimeuchora. Mapande ya damu ya mzee, mapande ya waridi lililochoka, yakipokezana mpaka mwisho.

Tukaenda kwa Shangazi sote watatu, pamoja na nusu kichwa. Mama Sindano akasimama hatua mbili mbali na dirisha la dereva.

"Sikuja kuomba msamaha," akasema. "Huo nitauomba baadaye, ni mrefu. Nimekuja kukuonyesha kitu."

"Nendeni zenu."

"Tazama kwanza, halafu utufukuze. Kufukuza hakuozi."

Akamwonyesha. Mzee alitoa mkono dirishani, akapitisha kidole gumba kwenye lile pande la kwanza lililoiva, polepole, kisha akaurudisha mkono ndani. Kwa Baba Honi ile ilikuwa ruhusa.

Mama Sindano akalijaribu kwenye kishikio cha mlango wa nyuma, upande uleule wa dereva. Kunja, pitisha, vuta. Fundo likatoka zuri, masikio mawili, mikia miwili. Lakini pande moja lililoiva likachungulia nje kama ulimi, na lililopauka likamezwa ndani. Akafungua. Mara ya pili, vilevile. Akageuza utepe, akaanzia mwisho mwingine, vilevile. Nikasema nipishe, mimi nina vidole vinavyosuka nywele mia kwa siku. Vilevile.

"Nimewashonea maharusi wa nusu ya mtaa huu," Mama Sindano akafoka, jasho likimtoka puani, "leo nashindwa na fundo! Huyu dada yetu alikuwa akifunga kwa dua?"

Akaanza kulifungua kwa mara ya nne.

"Msiliguse!"

Sauti ilitoka ndani ya gari. Baba Honi hakuwa ametugeukia. Alikuwa anatazama kioo cha pembeni, kile kioo kidogo cha duara, kama dereva anayepimia aliye nyuma yake. Shingo ameikaza.

"Hapo nje mmekosea," akasema. "Lakini humu kwenye kioo umbo ndilo lenyewe. Humu mkia mrefu unalala upande wake. Sikio la juu liko pale pale." Halafu akaupiga usukani kofi. "Mashoto! Jamani, si alikuwa wa mashoto!"

Tukatazamana. Nani hakujua? Alimenya kwa kushoto, alifagia kwa kushoto, alinizaba kofi la utani kwa kushoto hadi nikazoea kulikwepea upande huo. Mama Sindano akajishika kichwa. "Miaka yote ile alikuwa akiazima mkasi wangu na kulalamika kwamba unamng'ata! Nami namwambia, mkasi mzima, tatizo ni mikono yako!" Akacheka, na kicheko kikamkwama njiani, akajifuta macho kwa ule mkono wenye utepe.

Baba Honi akashuka. Magoti yakalia kama bawaba. Akaupokea utepe, akaenda nao mbele, kwenye pua ya Shangazi, juu kabisa ya boneti, mahali pake pa siku zote. Akauweka kwenye mkono wa kushoto. Mkono ule haukuijua kazi. Ulikuwa unatafuta njia kama mgeni gizani. Akakunja pande lililopauka, akapitisha lililoiva chini yake. Kisha akasimama, vidole vyote vimeshika, hana wa kuongeza.

"Mimi kazi yangu ilikuwa kidole," akasema, kama anajisemea. "Kila mwaka. Ananiita, weka kidole hapa katikati, usiondoe mpaka nikuambie."

Hakumtazama Mama Sindano. "Fundi," akasema. "Weka kidole."

Mama Sindano akasogea, akaweka kidole chake kilichoungua katikati ya fundo. Mzee akavuta kwa kushoto. Rangi iliyoiva ikajificha yote. Nje likabaki waridi tupu, lililochoka, kama lilivyokuwa.

Tukaliangalia. Sikio moja lilikuwa limelegea.

"Lake lilikuwa limesimama zaidi," Baba Honi akasema.

"Lilikuwa limesimama," Mama Sindano akakubali. "Hili limechoka na safari." Halafu, kwa sauti ya chini, "Nisamehe, shemeji. Niliona uchafu, sikumwona yeye."

Mzee alifungua mlango wa dereva. Aliingia garini, akapapasa dashibodi, akanong'ona, "Shikamoo, Shangazi." Kimya. Akasalimia tena, kwa heshima zaidi. Mara ya tatu Shangazi akakohoa, akatetemeka madigadi yote, akawaka. Fundo likatikisika, halikufunguka. Akabonyeza honi mara moja, fupi, ya kupima. Milango sita ikafunguka.

"Kesho mara tatu!" mtu akapiga kelele kutoka ndani.

"Mara tatu," akasema, akazima. Ndipo pua yake ikainuka. "Jamani. Maharage yangu."

Alikimbia kama kijana. Tukasikia mfuniko ukianguka, tukasikia laana ndogo, kisha maji. Mama Sindano alikuwa ameshaanza kukusanya pini zake taratibu, akielekea kwake kwa kupitia mbali na ule mlango, kama mtu anayezunguka dimbwi.

Baba Honi akatokea mlangoni na mwiko, moshi ukimfuata.

"Fundi, unakwenda wapi?"

"Kwangu. Ulisema nisikanyage kizingiti."

Akakitazama kizingiti chake kana kwamba ndicho kilichosema. "Basi kiruke," akasema. "Yameungua chini tu, juu ni mazima. Sahani zipo, alikuwa nazo nyingi sana. Msusi, njoo. Na wewe mwenye nusu kichwa, usisimame hapo juani. Ingieni. Ingieni mle."